Tezi ya Ndama

Saa kumi na moja alfajiri, Hoogkerk, theluji imeshika vioo.
Harmen wa machinjioni ananipa ndoo bila salamu:
tezi kumi na mbili za ndama, zilizotolewa juu ya moyo,
nyeupe kama shahamu, zingali zafuka.
Miaka thelathini na minne naibeba ndoo hii,
zamani kwa baiskeli, ikining'inia usukanini.
Leo ni mara ya mwisho.
Histoni siku hizi huagizwa. Bakteria huzipika,
zafika katika kichupa kisichonuka damu.

"Kwa nini tezi hii?" auliza Tjerk, mwanafunzi wa juzi.
Kwa sababu seli zake, namwambia, karibu zote ni kiini,
mfano wa yai lililonyimwa ute.
Twasaga. Twachuja. Twaosha kwa maji ya chumvi,
mpaka kwenye gilasi kimebaki kitu kimoja tu, kizito,
chavutika kama mlenda kijiti kinapoinuliwa.
Hiyo ndiyo kromatini, Tjerk. Ndama mzima yumo humo,
kwato na ulimi, na maziwa ambayo hakuwahi kuyatoa.

Uzi wa seli moja ukiunyoosha unakupita urefu,
nao umekaa ndani ya kitu usichokiona.
Umekaaje, ikiwa una chaji hasi toka ncha hadi ncha
na kila kipande chake hakitaki kumgusa mwenziwe?
Kwa histoni. Zina chanya tele.
Nane hukaa kikao, jozi kwa jozi,
uzi huzizunguka mara moja na nusu na ushei,
herufi mia na arobaini na saba,
kisha huyo, kwenye kikao kingine.
Moja ya pembeni, isiyohesabiwa na nane, hushika mlango.

Usidhani ni kabati. Ni baraza yenye kelele.
Mikia ya histoni imebaki nje, yachezacheza,
na kila apitaye ana lake la kutenda.
Huyu hubandika asetili: chanya hupoa, kumbato hulegea,
na msomaji aliyekuwa nje aingia na kalamu.
Yule hubandua, papo hapo.
Mwingine atia methili tatu kwenye laisini ya tisa;
akaja mlinzi, akaiona, akaketi,
akaita mlinzi mwenziwe, naye akaita wa kwake, pakawa kimya.
Na wako wapagazi: hawasomi, hawaandiki,
wanakula ATP na kusukuma gurudumu
herufi kumi huku, herufi kumi kule.
Hakuna anayekaa. Hata mlinzi ni wa sekunde chache,
ni zamu tu haziishi.

Nina pacha, Hylkje. Tulitoka yai moja.
Pua moja, kicheko kimoja, alama za vidole tu mbalimbali.
Tulipokuwa na miaka tisa barafu ya mfereji ilikatika
chini yake, si chini yangu. Nilikuwa hatua mbili nyuma.
Tangu hapo haingii bafu lililojaa; huoga kwa kopo.
Kila mwaka ananipigia simu kutoka shambani kwake:
"Umeipata herufi inayonifanya niwe mimi?"
Hylkje, zako ndizo zangu.
Labda ni ukurasa. Labda mahali fulani mlinzi aliketi
siku ile, na zamu yake haijakatika.
Labda. Mimi ni mpika asidi, si mpiga ramli.

Asidi ya salfa, tone kwa tone. Vinaachana.
Uzi wabaki chini, umejikunyata; histoni zaondoka na maji.
Asetoni, kisha upepo, kisha unga
mweupe, gramu nne, mwepesi hata usipumue karibu.
"Niandike nini kwenye kichupa, Bi Wiebrig?"
"Tarehe."

Jioni nairudisha ndoo, imeoshwa.
Harmen aichungulia, aniangalia, na kwa mara ya kwanza asema:
"Kesho?"
"Hapana."
Akaijaza maji, akamwekea mbwa.